Toleo la kolekta la gemu: lipi linastahili hela yako na lipi uliache

Kabla hujaanza kukodolea macho sanamu kwenye tangazo la toleo la kolekta, yaani lile boksi ambalo gemu inauzwa pamoja na sanamu, kitabu na vikorokoro vingine, fanya hesabu moja tu. Toa gemu kwenye lile boksi kichwani mwako, alafu angalia vilivyobaki, ungevinunua kama vingekuwa vinauzwa kimoja kimoja dukani? Gemu mpya kubwa ya konsoli sa hivi inaenda kama dola 60 mpaka 70, toleo la kolekta lipo la dola 130 na lipo la dola 300, kwa hiyo ile tofauti yote unalipia karatasi, bati, kitambaa na plastiki, na hakuna ubaya wowote kulipia hivyo vitu kama unavipenda na vimetengenezwa vizuri. Tatizo linakuja kwenye kuuziwa mbuzi kwenye gunia, manake maboksi haya mengi yanauzwa kwa oda ya mapema, gemu haijatoka, sanamu unayoiona ni picha ya kompyuta au ya sampuli moja iliyopakwa rangi kwa mkono taratibu, na wewe hela ishatoka.

Mfano ambao wengi wanaukumbuka ni Cyberpunk 2077. Toleo la kolekta lilikuwa dola 250, lina sanamu nzuri tu ya V, mhusika mkuu, na pikipiki yake, gemu ikatoka tarehe 10 Desemba 2020 na wiki moja tu baadaye Sony wakaiondoa kwenye PlayStation Store, duka lao la mtandaoni, kwa jinsi ilivyokuwa inagoma kwenye PS4, ikarudi Juni 2021. Baadaye gemu ilirekebishwa ikawa kitu cha maana, lakini mtu aliyelipa hela zote hizo siku ya kwanza alikaa miezi na boksi zuri na gemu isiyochezeka. Ndo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: toleo la kolekta nunua la gemu ambayo mfululizo wake unaupenda tayari au ambayo ishatoka watu wakaicheza. Gemu mpya kabisa usiyoijua, chukua ya kawaida kwanza.

Sasa kwenye kupanga nani wa kwanza nani wa mwisho. Msimamo wangu ni kwamba vitu bapa ndo vinavyodumu na ndo vinavyofika salama, yaani kitabu, diski, ramani, CD ya muziki, na naupanga mwongozo huu hasa kwa ajili ya sisi tunaoagizia nje, iwe kupitia ajenti wa Dubai au ndugu anayerudi kutoka Uingereza au Marekani, kwa sababu mtu wa Texas anayeletewa boksi mlangoni ana hesabu tofauti kabisa na mtu wa Mbagala au Kisauni.

Namba moja: boksi la wastani lenye gemu ndani, kitabu na kasha la bati

Hili ndo ningemwambia yeyote achukue bila kusita. The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom ya Mei 2023 ni mfano mzuri sana, dola 130, ndani kuna kaseti yenyewe ya gemu ya Switch, ile konsoli ya Nintendo, kasha la bati linaloitwa Steelbook, kitabu cha michoro, bango la chuma na beji nne za kubandika kwenye nguo. Hakuna sanamu hata moja na hakuna anayelia. Switch nayo haibagui kaseti za nchi, kaseti ya Japani au Marekani inaingia kwenye mashine yako bila shida.

Cha bei nafuu zaidi kwenye kundi hili ni toleo la Deluxe la Baldur's Gate 3 ambalo Larian, watengenezaji wenyewe, waliliuza kwa dola 80 tu, kwa PS5 na Xbox gemu iko kwenye diski, ina CD za muziki, stika, bango na viraka vya kitambaa. Fikiria hiyo gemu kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150, alafu piga hesabu ya bando la GB 150 kwa mtandao wako wa simu, utaelewa kwa nini nashikilia suala la diski kiasi hiki.

Kwenye vitabu angalia idadi ya kurasa, wanaandika kabisa kwenye maelezo. Kitabu cha The Witcher 3 kilikuwa na kurasa 200, hicho ni kitabu, unakaa nacho jioni nzima unaangalia jinsi walivyochora majengo na nguo. Cha Elden Ring kilikuwa kurasa 40, hicho ni kijarida chenye gamba gumu. Na kuna gemu nyingi ambazo kitabu chake kikubwa cha michoro kinauzwa peke yake kwa dola 40 hivi, wachapishaji Dark Horse wametoa vingi sana, kwa hiyo kama kilichokuvuta ni michoro tu, gemu ya kawaida na hicho kitabu pembeni vinakutosha na unabaki na chenji nzuri.

Kuhusu makasha ya bati, angalia diski inashikiliwaje. Halo 3 mwaka 2007 toleo lake la kasha la bati diski zilikuwa zinachomoka zenyewe na kusagana ndani, zikafika kwa watu zimekwaruzika, Microsoft ikabidi wabadilishie watu diski.

Namba mbili: boksi kubwa la sanamu, mradi diski iwemo

Hapa mfano wa juu kwangu ni The Witcher 3 ya 2015. Dola 150, sanamu ya Geralt, shujaa wa gemu, anapigana na dubwana lenye mabawa linaloitwa grifini, yenye kimo cha zaidi ya sentimita 20, medali ya mbwa mwitu, kile kitabu cha kurasa 200, kasha la bati, muziki, na gemu kwenye diski. Na hawa CD Projekt walioitengeneza, hata aliyenunua toleo la kawaida walimwekea ramani, CD ya muziki, stika na barua ya kumshukuru. Hiyo ndo heshima kwa mteja, na ndo kipimo ninachotumia kupimia wengine wote.

Ila sanamu ina mambo yake na hapa naomba tuelewane vizuri maana hela nyingi zinapotelea hapa. Kuna sanamu za PVC na kuna za rezini. PVC ni nyepesi, inahimili kudondoka, lakini haipendi joto, ukiiweka karibu na dirisha la jua la Dar au Mombasa mguu mwembamba unaanza kulegea na sanamu inainama taratibu, na ikikaa kwenye boksi lililofungwa kwenye joto miaka mingi inatoa mafuta fulani inakuwa inanata. Rezini ina uzito, inashika rangi vizuri na mikunjo ya nguo inaonekana, lakini ikidondoka kwenye sakafu ya marumaru imekwisha, na wale wanaorusha mizigo uwanja wa ndege hawasomi ule mchoro wa glasi iliyopasuka. Ukiona maelezo ya boksi hayasemi sanamu ni ya nini wala ina sentimita ngapi, hiyo peke yake ni sababu ya kusubiri.

Alafu usafiri. Kampuni za kusafirisha kwa ndege hazipimi kilo tu, zinapima na ukubwa wa boksi, kanuni yao ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 45 kwa 40 kwa 35 linakupa kilo 12.6, hata kama kwenye mizani lina kilo 4 au 5 utalipia 12.6, manake unalipia hewa iliyoizunguka sanamu. Ongeza forodha: tuseme boksi dola 200 na usafiri dola 80, jumla 280, wakikupiga ushuru wa 25% ni dola 70 inakuwa 350, juu yake VAT ya 18% ya Tanzania ni dola 63, umefika 413 kabla ya tozo ndogondogo na hela ya mtu wa kukutolea mzigo. Kenya VAT ni 16% lakini hadithi ni ileile. Boksi la dola 200 limekuwa la dola 400 na zaidi. Kwa meli wanahesabu kwa CBM, yaani mita za ujazo, na ni nafuu mno, kama huna haraka hiyo ndo njia, ila mwambie ajenti aweke boksi la pili la nje na alijaze magazeti au povu, na ulipie hiyo kazi, usimbembeleze akufanyie bure.

Namba tatu: matoleo ya wachapishaji wadogo

Kuna kampuni kama Limited Run Games ya Marekani, ilianza 2015, kazi yao ni kuchukua gemu ambazo zilikuwa za kupakua tu na kuziweka kwenye diski na kaseti, pamoja na vitabu na vikorokoro. Nawapenda kwa hilo, kwa sababu gemu ya mtandaoni ikiondolewa dukani siku moja ndo basi. Wanafungua oda kwa wiki kadhaa, wanafunga, ndo wanatengeneza. Kinachowashusha hapa ni kusubiri, inaweza kupita miezi mingi sana kabla mzigo haujatoka, na anwani ya ajenti uliyoandika leo inaweza kuwa ishabadilika mzigo ukifika. Kama una mtu wa kudumu kule, nenda.

Namba nne: vitu vya kuvaa na vya kubeba

Kofia, saa, begi, silaha za plastiki. Pip-Boy ya Fallout 4 mwaka 2015, mfano wa kompyuta ya wahusika wa gemu, ilipendwa sana, dola 120, unaivaa mkononi unachomeka simu ndani, iliisha haraka na Bethesda, wenye gemu, wakasema viwanda haviwezi kutengeneza zaidi. Lakini hata hiyo simu kubwa kama iPhone 6 Plus zilikuwa haziingii, na simu za leo karibu zote ni kubwa, kwa hiyo umri wa hivi vitu ni mfupi.

Na begi la Fallout 76 ndo somo lenyewe. 2018, boksi la dola 200, tangazo likasema begi la turubai, watu wakapokea la nailoni jepesi. Mwanzo Bethesda waliwapa watu Atoms 500, hela ya ndani ya gemu yenye thamani ya dola 5 hivi, mpaka kelele zilipozidi ndo wakakubali kutuma mabegi ya turubai kweli. Mwaka uliofuata kofia ya gemu hiyohiyo iliyokuwa inauzwa pembeni kwa dola 150 wanunuzi wakaombwa wairudishe kwa sababu ya hatari ya ukungu ndani ya kitambaa. Kitu cha kugusa ngozi kinahitaji ubora wa kweli, na boksi la gemu mara nyingi halina bajeti hiyo.

Mwisho kabisa: boksi lisilo na gemu ndani

Hili usiliguse. God of War Ragnarök ya 2022, dola 200, ndani kuna nyundo ya Mjölnir ya inchi 16 nzuri kabisa, kuna na kasha la bati la kuwekea diski, ila diski haimo, kuna namba ya kupakua tu. Horizon Forbidden West nayo hivyohivyo, Starfield ya dola 300 yenye saa nayo hivyohivyo. Kwetu sisi hii inauma mara mbili kwa sababu PlayStation Store haina tawi la Tanzania wala Kenya, akaunti zetu ni za Marekani, Uingereza, Emirates na kwingineko, na namba ya kupakua ya Ulaya haikubali akaunti ya Marekani. Diski ya PS5 ingecheza popote, ingawa hata kwenye diski zile nyongeza za gemu zinazokuja kwa namba ya kupakua zinataka akaunti ya eneo lilelile, kwa hiyo ulizia boksi ni la nchi gani kabla hujalipa. Kwa wenye Switch 2 angalieni sehemu ya chini ya gamba la mbele kama imeandikwa Game-Key Card, zile kadi za ufunguo zinaingia kwenye mashine lakini gemu yenyewe haimo, unapakua yote. Na ukiwa na PS5 Pro kumbuka haiji na sehemu ya diski, unainunua pembeni.

Ukishapata boksi lako, hewa ya chumvi ya pwani inatia kutu bati na kutoa madoa kwenye kurasa, kwa hiyo vile vipakiti vya silika jeli usivitupe na kasha la bati livalishe plastiki yake.

Kama umechelewa oda usikimbilie kwa walanguzi wiki ya kwanza, bei zao huwa juu kipindi hicho watu wakiwa na mzuka, subiri miezi michache uangalie vya mkononi. Muombe muuzaji picha ya chini ya sanamu, picha ya pembe zote za boksi, picha ya diski ikiwa imegeuzwa upande unaong'aa kwenye mwanga, na kama kuna kadi ya namba ya nyongeza muulize ishatumika au bado, manake ikishatumika haina kazi tena na hiyo mshushie kwenye bei.