Brusela Tanga: kupima maziwa au damu?

Ng'ombe wa maziwa Tanga wanafugwa hadi mjini, na brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, humwingia mtu kupitia maziwa mabichi au kondo lililoshikwa mikono mitupu.

Maziwa hupimwa kwa urahisi kwenye kituo cha kukusanyia: dawa ya rangi kwenye kichupa, saa moja kwenye joto la nyuzi 37, na pete ya buluu ikijitokeza juu kwenye malai, zizi hilo lina jambo. Ila mitamba, madume na waliokaushwa maziwa hawamo, na kiwele chenye uvimbe hukidanganya kipimo.

Kipimo cha damu humfikia kila mnyama. Jibu la Rose Bengal, kipimo cha haraka cha damu, ni dakika 4 tu. Shughuli ni kumfunga ng'ombe na kumlipa mtaalamu. Ningeanza na maziwa, damu ifuate penye pete. Zizi lililotupa mimba? Damu moja kwa moja.