Babesia na erlikia: moja hupasua damu, nyingine hukausha uboho

Mbwa wengi wa ulinzi hapa Moshi hutibiwa "homa ya kupe" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Si mmoja.

Babesia ni kimelea kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kikazaliana humo na kuzipasua. Mambo huenda kasi: homa, ufizi kupauka au kuwa wa manjano, mkojo rangi ya chai kavu. Ila uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, bado mzima. Hujitahidi kutoa chembe changa kufidia zilizopotea. Sindano ya imidokabu ikiwahi, mara nyingi mbwa huinuka.

Erlikia ndiyo inayonitia hofu. Hii ni bakteria, na makao yake ni chembe nyeupe. Wiki za mwanzo mbwa ana homa na hataki kula, kisha anaonekana amepona, hata kwa miezi au miaka, kumbe bado anayo. Kwa baadhi yao uboho hudhoofika hadi ukaacha kutengeneza chembe nyekundu, nyeupe, na zile za kugandisha damu. Hapo ndipo unamkuta anatokwa damu puani bila kuumia popote. Dawa ya doksisaiklini ya siku 28 husaidia sana mapema. Uboho ukishakauka, matumaini ni madogo.

Kwa hiyo usiamue kwa ufizi uliopauka tu. Mwombe daktari wa mifugo aitazame damu kwa darubini na kuhesabu chembe zote. Kupe wa kahawia wa mbwa huweza kuambukiza yote mawili, na mbwa mmoja akayapata kwa pamoja.