Kupima mapigo ya moyo kwa kamera ya simu: kidole poa, uso bado

Mashine ya presha ya mama ilikufa, na daktari anataka aandike mapigo yake kila asubuhi. Nikapakua programu ya bure, ile ya matangazo kila ukigusa. Wiki ya tatu sasa.

Ina njia mbili. Ya kwanza, unaziba kamera ya nyuma na tochi yake kwa ncha ya kidole, unatulia nusu dakika. Moyo ukipiga, vimishipa vya kidole hujaa damu, damu hunyonya mwanga, picha inafifia kiduchu. Simu inahesabu kufifia huko. Nilimshika mama mkono nikahesabu kwa saa ya ukutani: 74. Simu ikasema 75. Nimerudia siku nyingi, haijapishana nami zaidi ya 3. Ila usikandamize! Mama alikuwa anakandamiza kama anapiga dole gumba kwenye hati ya mkopo. Damu yote inatoka kidoleni, simu haioni kitu. Mikono ikiwa ya baridi, asugue kwanza.

Njia ya pili ndiyo iliyonivuta: unajitazama tu kwenye kamera ya mbele, inasoma rangi ya uso. Si mazingaombwe. Tangu 2008 mtafiti Verkruysse na wenzake walionyesha kuwa kamera ya kawaida na mwanga wa mchana vinatosha, na rangi ya kijani ndiyo inayobeba mapigo vizuri zaidi. Mimi maji ya kunde, sebuleni ikanipa 70, sawa kabisa. Mama, mweusi tii, kiti kilekile: 118, mara 52, mara "mwanga hautoshi". Melanini, ile rangi inayofanya ngozi iwe nyeusi, nayo inanyonya huo mwanga, kwa hiyo kinachorudi kwenye kamera ni kidogo. Tulipohamia barazani saa nne asubuhi ikatoa 76. Usiku chini ya balbu, sahau. Hata vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni, utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta vinawakosea wagonjwa weusi zaidi ya weupe. Waliotengeneza hii walipaswa kulijua hilo.

Halafu wanauza kipengele cha presha kwa kulipia. Sikulipa. Mama kila siku ananiuliza, "Sasa presha ni ngapi?" Nami kila siku namweleza kwamba haya ni mapigo, mama, presha ni kitu kingine.

Nyota tatu, zote za kidole. Mashine mpya nanunua mwisho wa mwezi.