Saa ya bronzi: igeuze kwanza uone mgongo

Nilienda kitchen party Area C na saa yangu mpya ya kuzamia, ya bronzi, nimeinunua elfu tisini duka moja hapa mjini, najiona mtu kweli. Navua ninawe mikono tule, shangazi ananiuliza, we mwanangu, siku hizi hina mnapaka mpaka huko? Kuangalia, duara zima la kijani mkononi.

Sasa mambo ya mita 200 sijui 300 leo sigusi, mtu wa Dodoma utazamia wapi, Mtera? Sisi tunavaa kwa umbo lake, namba zinazowaka umeme ukikatika, na ile ringi ya juu ya kuhesabia dakika, ambayo inazunguka upande mmoja tu ili mzamiaji akiigonga kwa bahati mbaya isimdanganye kwamba hewa bado ipo ya kutosha. Mi naipimia wali.

Na bronzi tunaipendea kuzeeka. Ni shaba iliyochanganywa na bati, ikipigwa na hewa inageuka kahawia, ikipata chumvi na jasho inaenda kijani. Huku kwetu kukavu inajivuta, inakuwa kama ile senti tano ya zamani yenye samaki, ila ipeleke Tanga ikae na hewa ya bahari uone. Mbili hazifanani hata zikitoka siku moja. Ukiichoka sugua na ndimu uanze upya.

Shida ni mgongo jamani. Mfuniko wa nyuma ndo unaolalia ngozi kutwa nzima na jasho lote, kwa hiyo lazima uwe wa chuma kisichoshika kutu au titani, sio bronzi. Na kile kichuma cha kufungia mkanda nacho kiangalie, maana mtu anakagua mgongo anaridhika halafu kijani kinamtokea chini ya mkono. Wauzaji wanapiga picha ya uso tu, uso, uso, mgongo hawakuonyeshi ng'o.

Sasa saa za bronzi ninazozikubali: ya kwanza kwangu ni Oris na sijifichi, ile Carl Brashear ya 2016, milimita 42, zilitoka 2,000 tu. Brashear alikuwa mzamiaji wa jeshi la maji la Marekani, alikatwa mguu na bado akarudi kuzamia. Mgongo chuma. Utaitafuta mtumba, na bei yake utakaa chini kwanza.

Ya pili Tudor Black Bay Bronze, nayo ya 2016, mgongo ni chuma kilichopakwa rangi ya bronzi, wameficha vizuri, ila milimita 43 kwa mkono wangu huu ni sahani. Panerai ya 2011 ilikuwa 47, hiyo waachie wenye mikono.

Ya tatu San Martin ya China, hapo mfukoni utapumua, ila soma maelezo ya mgongo kabla hujalipa. Hela ikikataa kabisa chukua Casio ya kuzamia, haizeeki, basi.

Halafu hii ya "bei njoo inboksi" inaniudhi, ukienda inboksi unaulizwa uko wapi, ukisema Dodoma bei inapanda kama vile we ni mbunge. Yule wa duka nilimrudia na mkono wangu wa kijani, akaniangalia, akasema dada, hiyo saa haina tatizo, jasho lako ndo kali.