Darasa la Jioni la Kiitaliano na Kifaransa, Gangilonga, Iringa

Kwa miezi mitatu nimehudhuria darasa la jioni la Kiitaliano na Kifaransa katika mtaa wa Gangilonga hapa Iringa, pamoja na vijana wanaoongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote anayefikiria kujiandikisha. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, kwa vipindi viwili kila wiki.

Kilichonifanya niendelee kulipa ni somo la wiki ya pili. Mwalimu aliandika ubaoni neno la Kilatini sonus, yaani sauti, na chini yake akaandika wazao wake: suono la Kiitaliano, son la Kifaransa na som la Kireno. Sonido la Kihispania na sunet la Kiromania aliyaweka pembeni, kwa kuwa hayo yametokana na sonitus, neno la ukoo uleule lenye maana ya mlio. Badala ya kututaka tukariri, alituuliza mtu huitwaje katika lugha za nyumbani kwetu. Mnyakyusa alijibu umundu, Mhehe akajibu munu, na sote tukaona jinsi maneno ya asili moja yanavyoachana kwa utaratibu, si kwa ovyo. Kwa utaratibu kama huo, o fupi ya Kilatini iliyobeba mkazo mwishoni mwa silabi iligeuka uo katika Kiitaliano, hivyo sonus ikawa suono, bonus ikawa buono na novus ikawa nuovo. Anayeijua kanuni hiyo hujipatia maneno mengi kwa juhudi ya neno moja. Katika Kifaransa, n ya son haitamkwi yenyewe, bali irabu inayoitangulia hupitishwa puani. M ya som ya Kireno nayo ni alama tu ya pua.

Alituonya pia kwamba son ya Kifaransa inaweza kumaanisha "yake" na hata pumba za nafaka, ingawa maneno hayo yana asili tofauti. Sound la Kiingereza lilipitia Kifaransa, na d yake iliongezwa baadaye. Hata konsonanti, tuliyoisoma shuleni sambamba na irabu, imetoka katika ukoo huu, kwa maana ya herufi inayosikika pamoja na nyingine, wakati sauti yetu wenyewe ilitoka katika Kiarabu, sawt. Nilifurahi kujifunza hayo katika mtaa uliopewa jina la jiwe ambalo kwa Kihehe ni jiwe linalosema.

Upungufu mkubwa uko katika kusikiliza. Chumba kina bati lisilo na dari, na mvua za Januari zilipoanza hatukuweza kutofautisha son na sans kutoka katika spika ndogo ya mezani, ilhali tofauti hiyo ndiyo inayomsumbua zaidi mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake haina irabu za puani za namna hiyo. Sarufi tuliipata vizuri. Masikio yetu yalibaki nyuma. Nililieleza jambo hili kwa uongozi, nikaahidiwa vipokea sauti vya masikioni, ambavyo hadi mwezi wa tatu havikuwa vimeletwa.

Pamoja na hayo nimelipia mwezi wa nne, na kwa anayejiunga ninashauri achague kipindi cha Jumamosi asubuhi, ambacho wanafunzi wake ni wachache na mwalimu hupata nafasi ya kumsikiliza kila mmoja akitamka.