AccountLoader ya Anchor: ya akaunti kubwa, si ya kila akaunti

Wenzangu tunaoandika programu za Solana, mtandao wa blockchain, kwa lugha ya Rust huniuliza swali moja kila mara: akaunti (mahali programu inapohifadhi data zake) ikishakuwa kubwa, tubaki na Account, aina ya kawaida ya kuisomea katika Anchor, fremu-kazi ya kuandikia programu hizo, au tuhamie AccountLoader? Kwa kazi niliyo nayo mimi, kitabu cha oda (orodha ya oda za kununua na kuuza) cha soko dogo, AccountLoader naipa alama za juu kabisa. Ila ina masharti yake, na ukiyapuuza itakutesa.

Hesabu ndiyo inayoamua. Oda yangu moja ina ufunguo wa mwenye oda, baiti 32, kisha bei, kiasi, muda na namba ya oda, kila kimoja baiti 8. Jumla baiti 64. Nafasi 1,024 za oda ni baiti 65,536. Sasa angalia unachopewa na Solana: kila fremu ya steki (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendeshwa) ni baiti 4,096, na hipu (kumbukumbu nyingine ya programu) kwa kawaida ni kilobaiti 32. Account ya kawaida hutumia Borsh, mfumo wa kugeuza data kuwa baiti na kuzirudisha, ambao husoma akaunti yote na kujenga nakala yake kwenye kumbukumbu ya programu. Nakala ya kilobaiti 64 haina pa kukaa. Ukiifunga kwa Box inahamia kwenye hipu, na kwa akaunti ya kilobaiti mbili tatu hilo linatosha kabisa, lakini hii yangu haiingii. Hata ingeingia, mwisho wa agizo (instruction) Borsh ingeiandika upya yote kwa sababu tu nimebadilisha kiasi cha oda moja, na kazi hiyo yote inakatwa kwenye uniti 200,000 za ukokotoaji ambazo agizo hupewa kwa kawaida.

AccountLoader hainakili kitu. Inahakikisha akaunti inamilikiwa na programu yako, inalinganisha baiti 8 za utambulisho zilizo mwanzoni, kisha inakupa rejeo la kwenye baiti zilezile zilipo, zikionekana kama strakti yako (struct, muundo wa data uliouandika). Nikiandika `kitabu.oda[17].kiasi = 0`, zinaguswa baiti 8 za kiasi hicho, basi. Hapo ndipo nilipoipenda.

Sharti zito ni mpangilio wa strakti. Kwa kuwa hakuna anayetafsiri data katikati, kila baiti lazima iwe na mahali pake panapojulikana. Vec, String na Option havikubaliki. Weka safu yenye ukubwa maalumu pamoja na kihesabio. Hata bool hairuhusiwi, kwa sababu baiti yenye thamani ya 2 si kweli wala si uongo, kwa hiyo tumia u8, namba ya baiti moja. Halafu kuna mapengo: ukiweka u8 kisha u64 (namba ya baiti 8) chini yake, Rust inaacha baiti 7 tupu katikati, na bytemuck, maktaba inayotumika kuzisoma baiti kama strakti, inakataa strakti yenye pengo lililofichika. Ujumbe wa kompaila hautakutajia sehemu yenye tatizo. Panga sehemu kubwa juu, ndogo chini, na baiti za kujazia uzitaje mwenyewe: `nafasi: [u8; 7]`. Mimi u128 siiweki humo kabisa. Naigawa kuwa u64 mbili.

Kuunda akaunti nako kuna njia yake. Programu ikiita System Program, programu ya Solana yenyewe inayounda akaunti, kutoka ndani, haiwezi kuunda akaunti inayozidi baiti 10,240, kwa hiyo kitabu changu kinaundwa upande wa mteja, ndani ya muamala uleule, na agizo langu linakipokea kwa sharti la `zero` na kukifungua kwa load_init. Baada ya hapo ni load ya kusoma na load_mut ya kuandika. Amana ya kuiacha akaunti hiyo mtandaoni, kwa lamport 6,960 kwa baiti (lamport ni sehemu ya bilioni ya SOL, sarafu ya Solana), ni takriban SOL 0.46. Hurudi ukiifunga, lakini kwa mradi mchanga ni pesa ya kuipangia.

Jambo jingine la kuzingatia: load_mut inaishikilia akaunti. Ukiita programu nyingine na kuipitishia akaunti hiyo huku rejeo bado liko hai, muamala unakatika kwa kosa la akaunti iliyokwisha kuazimwa. Mimi naifungia kazi ya kuandika ndani ya mabano yake, rejeo linakufa hapo, ndipo naita uhamisho wa tokeni.

Je, akaunti ya mtumiaji yenye jina, salio na tarehe? Usihangaike, Account inatosha, na utabaki na String yako. Mimi naanza kuifikiria AccountLoader steki inapolalamika, au ninapoona akaunti yote inasomwa ili kubadilisha kipengele kimoja.

Na kabla hujaipeleka kwenye mtandao mkuu, acha akiba mwishoni mwa strakti, mathalani `akiba: [u64; 16]`. Mpangilio huo ukishakuwa na data za watu, huwezi tena kuchomeka sehemu mpya katikati, lakini kwenye akiba unaweza kumega baiti 8 na oda zote za zamani zikaendelea kusomeka.