Pikapu imekula kilomita 400,000: uitengeneze, uibadilishe injini au utafute nyingine?

Kilomita peke yake hazitoshi kukuuzisha gari. Hilux yenye injini ya 3L au 5L (ni majina ya injini, si lita), dizeli za zamani zisizo na mambo mengi ya umeme, ikibadilishiwa oili kwa wakati na isichemshwe, inapita kilomita 400,000 na bado inabeba mzigo kutoka Sikonge hadi Tabora mjini. Nyingine inakufa haijafika 200,000 kwa sababu rejeta ilivuja na dereva akaendelea kukanyaga. Cha kwanza cha kuangalia ni chasisi, cha pili ni hesabu ya pesa. Injini ni ya tatu, japo ndiyo inayopigiwa kelele gereji.

Kwa hiyo anza kwa kulala chini ya gari. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi kuanzia nyuma ya kabini hadi pale springi za nyuma zinaposhikiliwa. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti iliyokufa. Tafuta nyufa na viraka vya kuchomelea karibu na difu (gia ya ekseli ya nyuma), maana huko ndiko uzito wa magunia unakoishia. Kwa watu wa Kigoma wanaobeba samaki kutoka Kibirizi, angalia mara mbili: maji ya barafu na chumvi hudondoka kutoka kwenye bodi yakatulia humo. Chasisi ikiwa imepinda au imeoza, ruka moja kwa moja hadi nafasi ya tatu kati ya njia tano nilizozipanga hapa chini. Usinunulie gari hilo hata klachi.

Injini ipime asubuhi, ikiwa imelala baridi. Moshi mweusi mara nyingi ni nozeli au chujio la hewa, na vumbi la kiangazi la barabara za vijijini huku linajaza chujio upesi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya hedi. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: ikipumua kwa nguvu, ringi zimechoka. Mwambie fundi apime kompresheni kila silinda. Usikubali ajibu kwa kusikiliza tu.

Nafasi ya kwanza: baki nayo, itengeneze. Hapa ndipo wengi wetu tunapaswa kuwa, mradi chasisi ni nzima. Kipimo changu ni hiki: matengenezo ya mwaka yasifike nusu ya bei ambayo gari lingeuzwa leo. Tuseme linauzwa milioni 12, na mwaka huu limekula milioni 3. Bado linakulipa. Likianza kula milioni 6 au 7, hapo unamtumikia fundi. Ila weka kwenye daftari pia siku linazolala gereji, kwa sababu pikapu iliyolala wakati wa masoko ya tumbaku Urambo au Kaliua imekugharimu kuliko spea yenyewe. Pesa ikiwa kidogo, anza na rejeta na mipira yake, kisha mkanda wa taiming (3L na 5L zote zina mkanda, na kilomita 100,000 ndio mwisho wake), kisha breki. Rangi subiri. Anayeshuka na kupanda milima ya Buhigwe kila wiki aanze na breki.

Nafasi ya pili: shusha injini. Kuna njia mbili, ovahoo (kuifungua injini yako yote na kuitengeneza upya) au injini ya mtumba. Mimi naegemea ovahoo, maana bloku yako unaijua historia yake, ikiwa tu unaye fundi anayepeleka krenki kusagwa na kupimwa, siyo wa kubadilisha ringi na kufunga. Ukichagua ya mtumba, chukua aina ileile iliyokuwepo, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla ya kulipa, na kumbuka kwamba namba ya injini imo kwenye kadi ya gari: rekebisha taarifa TRA (mamlaka ya mapato) mapema, usisubiri siku ya kuuza.

Nafasi ya tatu: nunua mkononi kwa anayejulikana, au mnadani. Kigoma ina bahati yake. Mashirika yanayohudumia wakimbizi, kama wa kambi ya Nyarugusu, hutumia Land Cruiser, nyingi zenye 1HZ, ile injini ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo (turbo). Zikiingia mnadani zinaweza kuwa na kilomita za kutisha, lakini gari la shirika kwa kawaida lina kitabu cha sevisi. Uliza swali moja kabla ya kupandisha dau: kodi imelipwa? Gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi linadaiwa likihamia kwa mtu wa kawaida.

Nafasi ya nne: agiza nje. Watu wanasema "agiza Hilux Japani" kana kwamba zimejaa. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na kuirudisha 2017. Kwa hiyo ya huko ni ya zamani sana au ni mpya ya bei kali, na zile za katikati hutoka Thailand, Uingereza au Afrika Kusini. Ya Uingereza ikague kutu kwa ukali, wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Tumia kikokotoo cha kodi cha TRA mtandaoni kabla ya kutuma hata senti. Nyingi za miaka hiyo ya katikati zina injini za dizeli za 1KD au 2KD, zenye nguvu na nozeli za bei mbaya. Ukijaza dizeli ya madumu huko vijijini utazijua.

Ya tano: yadi na dalali. Kilomita hurudishwa, hilo si siri. Angalia pedali ya klachi na usukani: gari la kilomita 90,000 halina raba iliyolika hadi chuma. Pikapu mpya kabisa sikuipa nafasi; ni ya kampuni na miradi.

Ukiamua kuuza ya zamani, uza kabla mvua za Novemba hazijaanza, wanunuzi wakiwa bado wanakwenda mashambani kwa barabara kavu. Na usikabidhi funguo kwa ahadi ya "kadi tutabadilisha baadaye." Nendeni wote wawili mkahamishe umiliki TRA, kwa sababu likigonga mtu kesho, jina linalosomeka ni lako.